Mustang moja, mapaa matatu: nitatofautishaje bodi za magari ya misuli ya Kimarekani?

MchongaMninga (Tabora)

Ndugu wanajukwaa, ninawasalimu.

Mimi ni mchongaji wa mbao, na kibanda changu kipo Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Zamani nilikuwa nikichonga miko, vinu vidogo na vigoda, lakini kwa miaka ya karibuni riziki yangu kubwa imetokana na mifano ya magari ninayoichonga kwa mninga. Land Rover 109 ninaweza kuichonga nimefumba macho, na lori la zamani la Bedford halinisumbui, kwa sababu magari hayo nimeyaona, nimeyapanda, na mengine nimeyasukuma kwenye matope ya masika katika njia ya Urambo.

Mwezi uliopita mteja wa Dar es Salaam aliniagiza magari matano ya Kimarekani ya miaka ya 1960, yale yaitwayo magari ya misuli: Ford Mustang ya 1965, Pontiac GTO ya 1964, na Dodge Charger, Plymouth Road Runner na Chevrolet Chevelle SS, zote tatu za 1968. Hakunitumia picha. Alinipa majina na miaka tu, akaamini kwamba hayo yanatosha, na mimi nikaamini vivyo hivyo. Nilianza na Mustang. Nilitafuta picha kwenye simu, nikachagua zilizonivutia, nikachonga kwa siku tisa. Paa nililiteremsha taratibu kutoka juu ya kichwa cha dereva hadi karibu na taa za nyuma, kama mgongo wa samaki, nikalipiga msasa mpaka likang'aa. Mteja alinijibu kwa upole, lakini gari alilirudisha kwa basi. Alisema kwamba kazi ni nzuri ila gari silo: yeye alitaka hadtopu, na mimi nilikuwa nimemchongea fastibeki.

Niliporudi kwenye picha niligundua kwamba ipo Mustang ya 1965 yenye paa fupi linalovunjika kwa kona kabla ya buti, ipo yenye paa la mteremko, na ipo ambayo paa lake ni turubai. Taa za mbele ni zile zile, grili ni ile ile yenye farasi, na jina ni hilo hilo. Road Runner nayo nimeona picha mbili ambazo pua zake hazitofautiani hata kidogo, ila moja ina nguzo katikati ya vioo vya ubavuni na nyingine haina.

Ninaomba kueleweshwa: gari moja la mwaka mmoja linakuwaje na maumbo matatu, na nikipewa picha ya ubavuni nitazame wapi kwanza ili nisikosee tena? Vilevile ningependa kujua kama ninaweza kuchonga sehemu ya chini ya aina moja kwa magari yote matano, kisha nikabadilisha mapaa tu. Mbao ya mninga iliyokauka vizuri imepanda bei, na sitaki kupoteza kipande kingine.

FundiBodi_Mwanga (Kigoma)

Mchongaji, pole kwa hasara. Mimi ninanyoosha bodi hapa Mwanga, Kigoma, kwa zaidi ya miaka thelathini. Magari unayoyataja sijawahi kuyagonga nyundo, kwa kuwa hayakufika huku, lakini nimeyafuatilia kwenye majarida na kwenye mtandao tangu nikiwa kijana, na bodi ya gari ni bodi popote lilipotengenezwa.

Kosa lako, kama ulivyojionea mwenyewe, ni kuanzia kwenye pua. Kampuni ilitengeneza pua moja, boneti moja na mabawa ya mbele ya aina moja, halafu ikabadilisha kila kitu kilichopo nyuma ya kioo cha mbele. Hivyo basi, ukipewa picha ya ubavuni, ziba kwa kiganja sehemu yote iliyo mbele ya kioo hicho, kisha hesabu nguzo zinazoshika paa. Gari la kawaida lina tatu kila upande: ya mbele inayoshika kioo kikubwa, ya kati iliyo nyuma ya mlango wa dereva, na ya nyuma inayoshika kioo cha nyuma. Gari la milango miwili lenye nguzo zote tatu huitwa kupe (simaanishi yule wa ng'ombe), na ndilo lililokuwa rahisi kulitengeneza na mara nyingi ndilo lililouzwa kwa bei ya chini.

Ukiiondoa nguzo ya kati kuanzia usawa wa kioo kwenda juu, unapata hadtopu. Kioo cha mlango kikishushwa, na kile kidogo cha nyuma yake kikishushwa pia, ubavu wote unabaki wazi kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Mtindo huo uliingia sokoni kwa wingi mwaka 1949 kupitia Buick, Cadillac na Oldsmobile, na nia yake ilikuwa kumpa mteja sura ya gari la paa la kukunjwa bila adha ya turubai inayovuja mvua. Ndiyo sababu paa la hadtopu huonekana jembamba na kama limebandikwa juu baadaye. Wengine hata walilivika vinaili nyeusi ili macho yadanganyike kabisa.

Fastibeki ni jambo jingine, kwa sababu hapo hatuulizi tena nguzo ya kati bali mgongo. Paa haliishii kwenye kona mbele ya buti. Linateremka kwa mstari mmoja kuelekea mkiani. Mustang ilipozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 ilikuwa na hadtopu na gari la paa la kukunjwa tu, na fastibeki iliongezwa miezi michache baadaye mwaka huo huo. Mteja wako amekutumia jina na mwaka, lakini kwa magari haya jina na mwaka ni nusu ya agizo.

Kama jambo hili linakutatiza, kumbuka Peugeot 504, ambayo bila shaka umeiona Tabora. Tuliijua kama sedani, kama pikapu na kama ile ndefu ya kubebea abiria wengi, na huko Ufaransa iliuzwa pia kama kupe na kama gari la paa la kukunjwa. Hakuna aliyeshangaa kwamba zote ni 504.

Kuhusu Road Runner ya 1968, picha zako zote mbili ni sahihi. Plymouth walikusudia gari la bei nafuu lenye injini kubwa, chini ya dola 3,000, kwa hiyo walianza na kupe yenye nguzo. Kioo chake kidogo cha ubavuni nyuma hakikushuka ndani ya bodi kama cha hadtopu. Kilikuwa na bawaba na kilisukumwa nje kidogo ili kupitisha hewa. Hadtopu ilifuata kabla mwaka huo wa mauzo haujaisha, na ya paa la kukunjwa ilikuja mwaka 1969. Muulize mteja wako anataka ipi kabla hujashika patasi.

MpendaInjini (Kasulu)

Ninaheshimu maelezo ya Mzee wa Mwanga, lakini kuna jambo moja ambalo haliwezi kupita bila kusahihishwa. Mustang ya 1965 si gari la misuli kwa maana iliyokubalika miongoni mwa wapenzi wa magari hayo. Gari la misuli ni gari la ukubwa wa kati, lililokuwa la familia, likatiwa injini iliyokusudiwa magari makubwa. Mfano unaotajwa kwanza na wengi ni GTO ya 1964. General Motors, kampuni mama ya Pontiac na Chevrolet, walikuwa na kanuni ya ndani iliyozuia magari yao ya ukubwa wa kati yasiwekewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, na Pontiac wakaikwepa kwa kuifanya GTO kuwa kifurushi cha nyongeza ndani ya Tempest LeMans, gari lao la ukubwa wa kati, si gari jipya, wakaweka injini ya inchi za ujazo 389, ambayo ni takriban lita 6.4. Mustang na wenzake, kwa mfano Camaro ya Chevrolet na Barracuda ya Plymouth, huwekwa katika kundi lao wenyewe, magari ya farasi.

Kuhusu bodi, GTO ya 1964 iliuzwa kwa namna tatu, na hesabu zake zinaonyesha wanunuzi walipenda nini: kupe yenye nguzo 7,384, hadtopu 18,422, na ya paa la kukunjwa 6,644. Ukichonga hadtopu hutakuwa mbali na matakwa ya mteja, ingawa ninakubali kwamba ni busara kumuuliza.

MchongaMninga (Tabora)

Mzee wangu wa Mwanga, shikamoo, na ninashukuru sana. Nimefanya kama ulivyosema: nimeziba pua kwa kiganja kwenye picha kumi na mbili na nimeweza kutaja kumi bila kusita. Mbili zilizonishinda ni za Charger, ambazo kwa ubavuni zinaonekana ni fastibeki lakini kwa nyuma hazifanani na fastibeki.

Ndugu wa Kasulu, mimi mgogoro wa majina siuwezi. Mteja ameiita ya misuli, nami nitaiandika hivyo hivyo kwenye kibao.

Jana nimejaribu hadtopu ya kwanza kwa kipande cha mabaki, nikakutana na tatizo ambalo sikulitarajia. Fastibeki yangu ilivumilia patasi bila shida, kwa kuwa nyuma ilikuwa na mbao nene inayoteremka hadi mkiani. Hadtopu, baada ya kutoboa madirisha na kuacha nguzo ya mbele na ya nyuma tu, imepasuka kwenye nguzo ya mbele nilipokuwa ninapiga msasa, wala sikuwa nimekandamiza. Nimejaribu mara ya pili, imepasuka pale pale. Je, ni mkono wangu, au umbo lenyewe lina udhaifu?

FundiBodi_Mwanga (Kigoma)

Marahaba. Umbo lenyewe lina udhaifu, na waliotengeneza magari hayo walilijua hilo kabla yako.

Nitakusimulia kisa. Miaka ya nyuma alikuja mteja na sedani ya Kijapani, akataka tuikate paa lote ili aikodishe kwa maharusi. Nilimwonya, hakusikia, nami nilikuwa na ada za shule za kulipa, kwa hiyo nikachukua msumeno. Tulikata nguzo za kati na za nyuma, tukaliondoa paa wanaume wanne. Kwa dakika chache kila mtu alifurahi. Kisha kijana wangu akafungua mlango wa dereva, na ulipofunguka haukurudi tena: tundu la komeo lilikuwa limepanda juu ya ulimi wake kwa upana wa kidole gumba. Gari lilikuwa limebonyea katikati, kama mtumbwi uliobebeshwa mizigo tumboni. Ilitubidi tuweke jeki mbili chini ya sakafu, tuliinue mpaka milango ifunge, kisha tuchomelee mabomba ya mraba chini ya vizingiti pande zote mbili. Lilipona, lakini likawa zito na likanywa mafuta kuliko lilivyokuwa na paa.

Mustang ni gari la aina hiyo, bodi yake ndiyo inayobeba kila kitu, haina chesisi iliyotengana nayo. Ndiyo maana ile ya paa la kukunjwa ilitoka kiwandani na sakafu na vizingiti vilivyoimarishwa, na ikawa nzito kuliko ndugu zake. Charger na Road Runner pia bodi zao zinajibeba. GTO na Chevelle zina chesisi kamili chini yake, kwa hiyo hazitegemei paa kwa kiasi hicho, na bado chesisi za magari yake ya paa la kukunjwa ziliongezewa chuma. Camaro imesimama katikati: mbele ina kipande cha chesisi kinachoshika injini, nyuma bodi inajibeba.

Hadtopu iko katikati ya hali hizo mbili. Paa lipo, lakini nguzo iliyolishika katikati haipo. Serikali ya Marekani ilipokuwa inaandaa masharti ya uimara wa paa gari linapopinduka, General Motors waliamua mapema, na magari yao ya ukubwa wa kati ya 1973 yakatoka yote yakiwa na nguzo ya kati, Chevelle ikiwemo. Huo ukawa mwisho wa hadtopu katika kundi hilo.

Sasa turudi kwenye mbao. Wewe unachonga gari zima kutoka gogo moja, nyuzi zikilala kutoka pua hadi mkia. Nguzo ya mbele imesimama kwa mshazari, kwa hiyo nyuzi zinaikata badala ya kuipanda, na hapo mninga hauna nguvu. Chonga paa peke yake, nyuzi zikiwa zimelala. Kisha nguzo zichonge kando, nyuzi zikiwa zimesimama, na uziingize kwa ulimi na tundu kama mguu wa kigoda. Vigoda ulishavichonga, kazi hiyo unaijua.

Kijana_Gungu (Kigoma)

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Kwa nini magari yote haya ni ya milango miwili? Chevelle ya milango minne haikuwepo? Nami ninauliza kwa sababu mchongaji amesema anataka kutumia sehemu moja ya chini kwa magari yote.

Mwalimu_Michoro (Ujiji)

Ninafundisha uchoraji wa kiufundi, na swali la kijana wa Gungu ndilo ambalo wengine wote tumelikwepa, kwa hiyo nitaanza nalo.

Chevelle ya milango minne ilikuwepo, na ndiyo iliyobeba familia nyingi za Kimarekani sokoni na kanisani. Lakini kuanzia 1968 General Motors hawakuongeza tu milango kwenye gari lile lile. Chevelle ya milango miwili ilikuwa na inchi 112 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na ile ya milango minne ilikuwa na inchi 116. El Camino, ambayo ni pikapu iliyozaliwa katika familia hiyo hiyo, nayo ilikuwa na 116. Ile ya milango miwili ilifupishwa makusudi ili ionekane imejikunja tayari kuruka. Na kwa agizo lako, Mchongaji, zingatia kwamba SS (yaani Super Sport, toleo la Chevelle lenye nguvu zaidi) ya 1968 iliuzwa kama hadtopu na kama gari la paa la kukunjwa. Kupe yenye nguzo iliruhusiwa kupewa jina la SS mwaka uliofuata. Ukichonga nguzo ya kati kwenye SS ya 1968, mteja wako ataitambua mara moja, na basi la Dar es Salaam utalilipia tena.

Sehemu moja ya chini kwa magari matano haiwezekani. Ninakushauri uchonge kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, kwa sababu hapo futi moja ya gari inakuwa inchi moja ya mbao, na hutahitaji kikokotoo. Mustang ina inchi 108 kati ya ekseli, pungufu kwa inchi moja tu kuliko Land Rover 109 unayoichonga ukiwa umefumba macho, maana 109 katika jina lake ni kipimo hicho hicho. Kwa mfano wako itakuwa inchi 9 kamili. Chevelle itakuwa inchi 9 na theluthi moja. GTO ya 1964 ilikuwa na inchi 115, kwa hiyo itazidi kidogo inchi 9 na nusu. Road Runner yenye 116 itakuwa 9 na theluthi mbili, na Charger yenye 117 itakuwa 9 na robo tatu. Tofauti ya robo tatu ya inchi kati ya Mustang na Charger inaonekana ndogo kwenye rula, lakini ukiziweka rafuni bega kwa bega utaona kwamba moja ni mtoto wa nyingine.

Hapa ndipo ninapoungana na ndugu wa Kasulu, ingawa ninyi mmeona anagombania majina. Makundi hayo mawili yana uwiano tofauti. Mustang ilibuniwa tangu mwanzo ikiwa na boneti ndefu na buti fupi, kiti cha dereva kikiwa kimesogea nyuma. GTO ilizaliwa kutoka gari la familia, kwa hiyo buti lake ni refu na pana, lenye nafasi ya masanduku ya safari, na kiti cha nyuma kinakaliwa na watu wazima bila kulalamika. Ukichonga GTO yenye buti fupi la Mustang, hata nguzo zikiwa sahihi, jicho litakataa.

Sasa Charger ya 1968 iliyokushinda. Usisikitike, imewashinda wengi, kwa kuwa ilibuniwa ili ikushinde. Ile ya 1966 ilikuwa fastibeki ya kweli, paa limeteremka hadi mkiani. Ya 1968 ilitoka kwa bodi moja tu, hadtopu ya milango miwili, wala haikuwa na ya paa la kukunjwa, kwa hiyo hapo huna la kumuuliza mteja. Ukiitazama ubavuni, nguzo za nyuma zinateremka kwa mshazari mrefu hadi juu ya buti, na jicho linaona mgongo wa fastibeki. Ukizunguka nyuma, unakuta kioo kimesimama ndani zaidi, kama dirisha la nyumba yenye kuta nene, na zile nguzo zimebaki kuwa mbavu mbili zilizopita pembeni yake. Chonga kwanza mgongo wote kama fastibeki, kisha chimba shimo katikati ya mbavu hizo. Usilichimbe kwa woga. Kivuli cha shimo hilo ndicho Charger yenyewe. Kiuno nacho kiminye kidogo milangoni, kisha uache nyama ipande tena juu ya gurudumu la nyuma.

Shimo hilo liliwaletea Dodge taabu kwenye viwanja vya mbio. Sisi wa Ujiji tunalielewa jambo hili kwa maji: mtumbwi ambao tezi yake imekatwa ghafla huburuta maji yanayozunguka nyuma yake, na injini ya boti huchoka bure. Upepo uliokuwa unapita juu ya paa la Charger ulitumbukia kwenye shimo, ukazunguka, na mkia ukawa mwepesi barabarani kwa kasi kubwa. Mwaka 1969 wakatoa Charger 500, ambayo kioo chake cha nyuma kilisogezwa hadi usawa wa mbavu na grili yake ikaletwa mbele. Namba 500 ilitokana na idadi ya magari ambayo kanuni za mashindano zilidai yatengenezwe. Haikutosha. Mwaka huo huo wakaongeza pua ndefu iliyochongoka na bawa la nyuma lenye kimo cha takriban sentimita 58, wakaliita Charger Daytona, na tarehe 24 Machi 1970 dereva wa mbio Buddy Baker akaliendesha kwenye uwanja wa Talladega, Marekani, kwa zaidi ya maili 200 kwa saa, yaani kilomita 322. Mteja wako hakuagiza Daytona, na ninakuombea asiiagize, maana bawa lile kwa mninga litakutoa jasho.

Fastibeki ya Mustang haikuwa na taabu hiyo, kwa kuwa mgongo wake haukuwa na shimo. Carroll Shelby, dereva wa mbio wa zamani aliyegeuka mtengenezaji wa magari, alipotengeneza GT350, Mustang yake ya mwaka 1965 kwa ajili ya mashindano, alitumia bodi ya fastibeki peke yake.

Jambo la mwisho, ambalo ninalisema kwa sababu umetaja kwamba ulitumia picha zilizokuvutia, si picha moja. Fastibeki ya 1965 haina kioo kidogo cha ubavuni nyuma ya mlango. Mahali pake pana matundu membamba ya hewa kwenye nguzo pana ya nyuma. Hadtopu ndiyo yenye kioo hicho. Tafadhali iangalie ile iliyorudishwa.

MpendaInjini (Kasulu)

Mwalimu, umenitetea vizuri kuliko nilivyojitetea. Ninaongeza moja tu kwa atakayechonga Camaro siku za mbele: za 1967 hadi 1969 zilikuwa hadtopu na za paa la kukunjwa, hakuna fastibeki. Iliyoingia sokoni mwanzoni mwa 1970 ni bodi nyingine kabisa, yenye milango mirefu na isiyo na kioo kidogo cha nyuma ya mlango, na ile ya paa la kukunjwa ikaondolewa.

MchongaMninga (Tabora)

Nimempigia simu mteja, nikamuuliza gari kwa gari. Mustang anataka hadtopu. GTO anataka hadtopu. Road Runner anataka ile yenye nguzo, tena alicheka kwa furaha nilipomtajia kioo cha bawaba, akasema sasa anaona amempata fundi anayejua. Chevelle SS amechagua ya paa la kukunjwa, turubai likiwa limeshushwa, jambo ambalo limenipunguzia kazi ya nguzo zote isipokuwa ile ya mbele. Charger nimemwambia haina chaguo, akakubali.

Nguzo nimezichonga kando, nyuzi zikiwa zimesimama, kwa ulimi na tundu kama Mzee alivyoelekeza. Hadtopu ya Mustang imemaliza msasa wa mwisho asubuhi ya leo bila ufa. Upana wa nguzo ya mbele ni sawa na njiti mbili za kiberiti, na nimeibonyeza kwa kidole mara tatu.

Ile fastibeki iliyorudi nimeiteremsha kutoka rafuni usiku, nikaiangalia kwa tochi. Mwalimu, nilikuwa nimeichonga kioo kidogo nyuma ya kila mlango, kizuri kabisa, nimekizungushia fremu ya shaba nyembamba. Mteja alirudisha gari akidhani ni fastibeki, nami niliamini hivyo hivyo, kumbe nilikuwa nimetengeneza gari ambalo Ford hawakuwahi kuliuza: mgongo wa moja na dirisha la nyingine. Nimeviziba vioo hivyo kwa vipande vya mninga wa rangi ile ile, nikaanza kuchora matundu ya hewa kwa kisu chembamba. Upande wa kulia umekamilika.